Mjomba kaniachia sanduku la sanaa za jadi kutoka bandari za dunia. Kimoja nimeshakiharibu, nisaidieni vilivyobaki

Mpwa_wa_Baharia

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamooni.

Nitaeleza kirefu kidogo, mnivumilie. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa baharia wa meli za mizigo kuanzia 1961 hadi 1988. Karibu kila safari alirudi na kitu kimoja kidogo, kwa kuwa kabati la baharia halina nafasi. Vitu vya kung'aa vya madirishani hakuvitaka. Alitafuta vitu vilivyotengenezwa kwa mkono na watu wa kawaida kwa ajili ya watu wa kawaida: vinyago vya watoto, vitambaa, vyombo, picha ndogo. Alipofariki aliniachia mimi sanduku la bati lenye vitu 23, kwa sababu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikikaa miguuni pake kuuliza hiki nini na hiki nini. Majibu yake mengi nimeyasahau, na hilo linaniuma kuliko yote.

Sasa kosa langu. Kulikuwa na farasi wa mbao mwekundu, urefu wa kiganja, kutoka Sweden. Rangi ilikuwa imebanduka mgongoni na miguuni. Nikaona nimheshimu mjomba kwa kumtengeneza farasi wake, nikampelekea fundi mmoja wa fanicha niliyesifiwa. Baada ya siku tatu nikarudishiwa farasi mpya. Msasa umepita mwili mzima hadi kwenye mbao, rangi nyekundu imepakwa upya, juu yake vanishi. Tumboni palikuwa na vibapa vidogo vya kisu, pale mchongaji alipopitisha kisu mara ya mwisho bila kulainisha. Nikiwa mtoto nilikuwa nikivihesabu kwa kidole gumba, kumi na kimoja. Vyote vimekwisha. Fundi hakukosea, alifanya nilichomwomba.

Vilivyobaki nimevifungia, naogopa hata kuvigusa. Kuna mwanasesere wa mbao wa Kijapani asiye na mikono wala miguu, wanasesere wa Kirusi wanaoingiana saba, kitambaa chekundu na cheusi cha Panama, bati la Mexico lililochorwa mtu mgonjwa kitandani, bakuli la mbao nisilojua asili yake, na vingine. Bakuli lina vitundu na unga unga chini yake.

Siuzi hata kimoja. Ninachotaka kujua ni jinsi ya kuvitunza, na jinsi ya kutambua kipi ni cha zamani kweli na kipi mjomba aliuziwa kama mgeni wa bandarini. Nianzie wapi?

---

MzeeWaKabati

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mjomba.

Anza na hilo bakuli, leo hii, kabla hujamaliza kusoma humu. Unga chini ya vitundu maana yake wadudu wanaobungua mbao bado wamo. Litenge na vingine. Likung'ute juu ya karatasi nyeusi, kisha liache hapo hapo wiki nzima. Ukikuta unga mpya, na vitundu vyenye kingo nyeupe kama mbao iliyochongwa jana, wako hai. Kama bakuli halina rangi ya kupakwa wala halikupambwa kwa vitu vingine, dawa yake ni baridi. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa yote uwezavyo, uzibe kwa utepe, uliweke kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa USIUFUNGUE mfuko mpaka siku ya pili, ili unyevu ugande nje ya plastiki na si kwenye mbao. Chenye rangi inayobanduka usikiweke humo kabisa. Mbao na rangi hazisinyai kwa kipimo kimoja, utafungua mfuko ukute magamba.

Sasa habari ya kusafisha. Acha. Brashi laini ya kupakia rangi, kavu, ya kupangusa vumbi, hiyo inakutosha mwaka mzima. Mimi nimekusanya vitu vya mbao kwa zaidi ya miaka thelathini, na vingi ya vile nilivyoviona vimekufa viliuawa na upendo: mafuta, sabuni, nta ya viatu, msasa. Ule weusi unaong'aa kwenye kipini cha kijiko au kichwani mwa kinyago ni jasho na mafuta ya mikono ya watu waliokishika miaka na miaka. Wauzaji huuita patina. Ukishautoa hakuna chupa duniani inayourudisha.

Pakiwa na doa linalokusumbua, juu ya mbao tupu au rangi iliyoshika vizuri, wanaotengeneza vitu vya makumbusho hutumia mate. Nasema kwa dhati kabisa. Pamba kwenye kijiti, mate kidogo, unaviringisha pole pole bila kusugua. Mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu. Watafiti wa Ureno walilipima jambo hilo kwa vipimo vya maabara, na kazi yao ikapewa mwaka 2018 tuzo ya kemia ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha kufikirisha.

Kuhusu umri, kanuni yangu ni moja: tafuta mkono ulipita wapi. Kitu kilichotumika kweli hakichakai kila mahali sawasawa. Bakuli huchakaa ukingoni upande mmoja, pale mtu alipolishikia, na kitakoni kwenye sehemu tatu nne tu zinazogusa meza. Mianyani, ndani ya macho ya kinyago, katikati ya vidole, hapo uchafu hubaki. Wanaoghushi husugua pande zote na kupaka weusi mwili mzima, hadi mahali ambapo hakuna kidole kinachofika. Kinuse pia, nakushauri. Nta ya viatu hainyamazi.

Vitundu vya wadudu navyo vinasema. Mdudu hutoka kwa tundu dogo la milimita moja au mbili, lakini ndani njia yake inapinda. Chomeka waya mwembamba taratibu. Ukizama moja kwa moja kama msumari, tundu limetobolewa na keekee. Na ukiona vifereji vya wadudu viko wazi juu ya mbao, vimelala kama mito kwenye ramani, fahamu kwamba mbao ni kuukuu lakini kinyago ni kipya: kuna mtu alichukua ubao uliokwisha kuliwa akauchonga baadaye. Mdudu hatembei nje ya nyumba yake. Hilo lilinikamata mimi mwenyewe, sitasema kwa nani. Sanamu ilikuwa nzuri, na nilikaa nayo miaka minne kabla sijaiona mito hiyo chini ya kwapa lake.

Bakuli lako lipime. Mbao husinyaa zaidi kukata nyuzi zake kuliko kufuata nyuzi, kwa hiyo chombo kilichokerezwa kikiwa duara huwa yai kadiri miaka inavyokwenda. Pima kipenyo kwa kufuata nyuzi, kisha kwa kuzikata. Ila usishangilie haraka: bakuli lililokerezwa kwenye mti mbichi hupinda ndani ya miezi michache tu. Huo ni ushahidi mmoja, unahitaji wenzake.

Na farasi usimtupe. Kumpaka tena usimpake. Mtazame pale ambapo kitambaa cha msasa hakiingii.

---

SindanoNaUzi

Dada, pole sana. Mimi ni mtu wa nguo, nitasema la nguo tu.

Hicho kitambaa chekundu na cheusi cha Panama bila shaka ni mola ya Waguna, wenyeji wa asili wa huko. Kabla ya kitu kingine chochote: usikifue! Mimi niliwahi kuchovya kitambaa changu cha miaka ya 1930 kwenye maji baridi, baridi tupu bila sabuni, na nyekundu yote ikatembea ikaingia kwenye nyeupe mbele ya macho yangu, kama dakika mbili hivi. Nililia. Ukitaka kujua kama rangi inatoka, lowesha pamba nyeupe, ikamue, ibonyeze juu ya kila rangi kwa sehemu isiyoonekana, uhesabu hadi sitini. Pamba ikipata hata kivuli cha rangi, basi.

Sasa kigeuze. Mola haikutengenezwa iwe picha ya ukutani. Ni kifua au mgongo wa blauzi ya mwanamke. Zinakwenda mbili mbili, ya mbele na ya nyuma, zinafanana lakini hazilingani, kama ndugu. Mshonaji hupanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, hukata cha juu kwa umbo analotaka, hukunja kingo ndani na kuzishona kwa mishono midogo isiyoonekana ili rangi ya chini ichungulie. Kazi ya kutazama kwa lenzi. Nyuma ya mola ya kweli utaona mishono inafuata kila mstari wa mbele.

Ile iliyovaliwa ina alama. Pembezoni kutakuwa na mstari wa vitundu vya sindano pale ilipofumuliwa kutoka kwenye blauzi. Sehemu iliyofunikwa na mshono itakuwa na rangi kali kuliko nyingine. Upande wa makwapani utakuwa umepauka. Iliyoshonwa kwa ajili ya mgeni wa bandarini haina hayo, kingo zake ni safi. Wala hiyo si bandia, usiidharau. Mwanamke yule yule anaweza kuwa ameshona zote mbili, moja ya kuvaa na moja ya kuuza.

Nakuomba pia ujue unachokishika. Serikali ya Panama ilijaribu kuwakataza wanawake wa Kiguna mavazi yao, mola na pete za puani. Mwezi wa Februari 1925 Waguna waliasi, na baada ya hapo mavazi yakabaki. Kila nikishika mola nawaza kwamba watu walipigania kuvaa hiki.

Kuna taa ile ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Zima taa za chumba uiwashe juu ya kitambaa. Nyuzi nyeupe zikiwaka kwa mwanga wa buluu, zina dawa ya kung'arisha iliyoenea kwenye vitambaa na sabuni tangu katikati ya karne ya 20. Lakini kitambaa cha kale kilichofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nacho huwaka. Ndiyo sababu nyingine ya kutofua: unafuta tarehe yake.

Kukihifadhi, usikunje. Mkunjo ukikaa miaka kumi huwa mpasuko. Kiviringishe kwenye bomba la karatasi nene ulilolizungushia merikani iliyofuliwa mara kadhaa kwa maji matupu, upande wa mapambo ukiangalia nje, kisha kifunike kwa merikani nyingine. Gizani. Plastiki hapana, hutunza unyevu.

Samahani nimeandika sana. Nina kitambaa cha Wakuba wa Kongo, cha nyuzi za mwale, chenye viraka vyeusi vilivyotawanyika bila mpango, na kwa miaka nilijisifia jicho langu kwa kuchagua mchoro wa kisasa namna ile. Kumbe mwanzo wa viraka vile ni kuziba matundu yanayotokea nguo ikitwangwa ilainike. Wanaume husuka, wanawake hudarizi na kubandika, na kiraka kikazaa kiraka mpaka kuziba kukawa pambo. Nilikipenda zaidi baada ya kujua.

---

Mpwa_wa_Baharia

Mzee wangu, dada yangu, asanteni sana. Nimekaa navyo mezani siku mbili, nimefuata maneno yenu moja moja.

Bakuli liko ndani ya friza. Nililipima kabla: kufuata nyuzi milimita 241, kuzikata 236. Ukingo umelika upande mmoja tu, na nikiweka kidole gumba hapo kinakaa kama kwenye kiti. Aliyelitumia alikuwa anashikia mkono wa kushoto.

Mola: vitundu vya sindano vipo, juu na pembeni. Na ukanda wa nusu sentimita ukingoni ni mwekundu wa damu wakati kati ni mwekundu wa tofali. Kwa hiyo ilivaliwa. Sikujua kwamba naweza kufurahi kiasi hicho kwa kuona kitambaa kimepauka.

Mwanasesere wa Kijapani alinishtua. Nilimgeuza shingo kidogo nione kama kichwa kimegundishwa, akalia! Kwii! Mlio wa mbao juu ya mbao. Na hapo hapo nikamkumbuka mjomba akimliza mbele ya uso wangu nikiwa na miaka mitano au sita, nami nikicheka. Lilikuwa limenitoka kabisa. Chini ana maandishi ya wino.

Wanasesere wa Kirusi wana muhuri kitakoni, herufi za Kirusi ambazo nimesomewa kuwa ni Zagorsk. Sijui kama lina maana.

Bati sijalielewa. Mtu amelala kitandani, mwanamke amepiga magoti, na juu kwenye mawingu kuna mtakatifu. Chini kuna mistari minne ya Kispania.

---

MzeeWaKabati

Huyo anayelia ni kokeshi wa Naruko, kaskazini ya Japani, eneo la Tohoku. Wakerezaji wa huko walianza kuwatengenezea wageni wa chemchemi za maji moto, karne mbili hivi zilizopita. Kila mji una kichwa chake na mchoro wake, na wa Naruko ndio wanaolia, kwa sababu kichwa hupachikwa kwa kusuguana na kiwiliwili wakati kikizunguka. Wino wa chini ni jina la mkerezaji. Mtafute anayesoma Kijapani akusomee. Na mweke mbali na jua: rangi zake hupauka haraka kuliko unavyodhani.

Zagorsk ina maana kubwa. Mji wa Sergiev Posad uliitwa Zagorsk kuanzia 1930 hadi 1991, kisha jina la kale likarudi. Kwa hiyo muhuri wako hauwezi kuwa wa kabla ya 1930. Majina yaliyokufa ni saa nzuri kwa mkusanyaji. Ceylon iliisha 1972, Upper Volta 1984, Zaire ilianza 1971 ikaisha 1997, Chekoslovakia ilimalizika na mwaka 1992. Japani ilikuwa chini ya majeshi ya kigeni 1945 hadi 1952, na bidhaa nyingi zake za miaka hiyo ziliandikwa hivyo hivyo, Occupied Japan. Skrubu nazo zinasema: ya kichwa cha nyota ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Ukiiona kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha karne ya 19, uliza ni nani aliitia na lini.

Watu hudhani wanasesere hao wa kuingiana ni wa kale sana. Wa kwanza wanaojulikana walitengenezwa miaka ya 1890, wakapelekwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Farasi wako naye alikuwa mchezo wa watoto wa mkoa wa Dalarna kwa muda mrefu, lakini sifa ya dunia aliipata 1939, Wasweden walipomsimamisha farasi mkubwa kwenye maonyesho ya New York. Sanaa ya jadi haina maana ya sanaa isiyokuwa na tarehe.

---

Mfuatiliaji

Nimewasoma wote, mmesema vizuri. Mimi nitaingia upande ambao wakusanyaji hawapendi kuingia.

Hilo bati ni nadhiri. Mtu akipona, akinusurika ajali au mafuriko, alimlipa mchoraji wa mtaani amchoree tukio juu ya kipande cha bati, aandike chini nani, wapi, lini na mtakatifu gani anashukuriwa. Kisha alilipeleka kanisani likatundikwa mbele ya watu wote. Halikutengenezwa liuzwe. Mabati mengi ya namna hiyo yalitoka makanisani kwa kupewa, kuuzwa, au kuibwa, na mara nyingi anayelinunua bandarini haulizi ni lipi kati ya hayo matatu. Simlaumu marehemu. Nasema lisomwe. Kama jina la mji na kanisa lipo, umeshika anwani.

Kwanza hakikisha ni la kweli. Wapo wanaochora leo juu ya bati kuukuu. Chukua lenzi utazame kutu. Kwenye bati la kweli kutu imetoka chini ikaisukuma rangi, rangi imepasuka pande zote kama ganda. Rangi ikiwa imelala juu ya kutu na kujaza mashimo yake, imepakwa kutu ikiwa tayari ipo. Angalia na tundu la msumari wa kutundikia.

Swali la pili: kwenye vitu 23 kuna nguzo, kibao au sanamu iliyotoka kaburini? Nauliza kwa sababu ya vigango. Hizo ni nguzo za kuchonga za Wamijikenda, husimamishwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha gohu, na zikishasimama hazihamishwi. Zinaachwa zilale na kuoza hapo hapo. Zimeng'olewa kwa mamia, zikauzwa Marekani kama sanamu za mapambo. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30 mwaka 2019, na ya jimbo la Illinois yakarudisha 37 mwaka 2023. Niliwahi kuingia nyumba ya mkusanyaji mmoja nikakuta kimoja pembeni ya televisheni, amekitundikia kofia. Nilishindwa kukaa. Kila kimoja ni mtu, kina wajukuu wanaokitafuta.

Na chenye pembe za ndovu au gamba la ng'amba usikivushe mpaka wowote kabla hujauliza sheria. Mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unafanya kazi tangu 1975, na urithi kutoka kwa mjomba si kibali.

---

Mpwa_wa_Baharia

Hakuna nguzo wala kitu cha kaburini, nimepitia vyote mara mbili. Wala pembe.

Bati nimesomewa. Ni mwanamke anashukuru mume wake kupona homa, mwezi wa Agosti 1897. Jina lake lipo, la mume lipo. Jina la kijiji limeliwa na kutu, zimebaki herufi tatu za mwisho. Na kutu imeinua rangi kama ulivyosema, Mfuatiliaji, magamba yamesimama kuzunguka tundu la msumari. Limetundikwa kweli mahali fulani na huyo mama alikuwa akilitazama. Nifanyeje na anwani iliyoliwa?

Mzee, sehemu nyingine inanisumbua. Vitu hivi karibu vyote havina jina la mtengenezaji. Ndiyo maana ya sanaa ya jadi, kwamba hakuna ajuaye?

---

MzeeWaKabati

Mwanangu, hapo ndipo tunapobishana sisi wakusanyaji mpaka usiku.

Mwanafalsafa Yanagi Soetsu na wenzake nchini Japani walibuni neno mingei mwaka 1925, sanaa ya watu, na 1936 akafungua jumba la makumbusho yake Tokyo. Aliamini uzuri wa chombo cha kila siku unatokana na fundi asiyetafuta jina. Nampenda Yanagi kwa kuwa alifungua macho ya watu waone bakuli la mkulima. Ila mimi nimeishi na vitu hivi muda mrefu, na naona vingi havikukosa jina. Vilikosa aliyeuliza. Mnunuzi wa kwanza alimwona fundi uso kwa uso, akalipa, akaondoka bila kuuliza. Kokeshi wako ana jina kwa sababu mkerezaji alijiandikia mwenyewe. Bati lina jina kwa sababu nadhiri bila jina haina maana.

Mbunifu wa Marekani Alexander Girard na mkewe Susan walikusanya vitu zaidi ya 100,000 duniani kote, wakavitoa mwaka 1978 kwa makumbusho ya sanaa za jadi ya Santa Fe, Marekani. Kama 10,000 vilipangwa na Girard mwenyewe, maonyesho yakafunguliwa 1982: miji mizima ya wanasesere, harusi, masoko. Alikataa vibandiko vya maelezo ukutani, akitaka jicho liende lenyewe, wageni wanapewa kijitabu. Naielewa nia yake. Lakini yeye alikuwa na makumbusho nyuma yake yenye kumbukumbu. Mimi na wewe tuna kabati, na siku tukifa atakayelifungua hatakuwa na kijitabu.

Kwa hiyo andika. Kadi moja kwa kila kitu, karatasi isiyo na asidi, penseli na siyo kalamu, kwa kuwa wino hutembea na hupauka. Namba, vipimo, kimetengenezwa kwa nini, mjomba alikipata wapi na lini, nani alikuambia. Tenganisha unachojua na unachodhani, mistari miwili tofauti. Ya bati andika herufi hizo tatu kama zilivyo, piga picha, na uziweke pale ambapo watafiti wa Mexico wanaweza kuziona. Herufi tatu zimewahi kutosha. Kumbukumbu zako za utotoni nazo ni ushahidi, ziandike kabla hazijatoka tena. Na ubaya uliopata kitu, uandike pia.

Daftari la mjomba la safari liko wapi? Kila baharia ana kitabu.

---

Mpwa_wa_Baharia

Kitabu cha baharia kipo! Mama alikuwa nacho pamoja na vyeti vya marehemu. Kina mihuri na tarehe za kila meli aliyopanda na kushuka. Pembeni, kwa penseli, mjomba ameandika neno moja moja. Kwenye mwaka 1967 kuna "analia". Nilikaa nalo kimya muda mrefu. Ni kokeshi.

"Farasi" liko Oktoba 1964. "Bakuli" halipo popote, kwa hiyo kadi yake ina mstari mrefu wa kudhani na mfupi wa kujua.

Nimemaliza kadi saba. Naweka ya kwanza hapa, mnikosoe:

Namba 1. Farasi wa mbao, Dalarna, Sweden. Kimo sentimita 11, urefu 10. Kimechongwa kwa kisu. Kilipatikana na mjomba Oktoba 1964, tazama kitabu cha baharia. Kilichezewa na watoto wa nyumbani, nikiwemo mimi. Tumboni kilikuwa na vibapa 11 vya kisu, kwa kumbukumbu yangu. Mwaka huu kilipigwa msasa, kikapakwa rangi na vanishi kwa agizo langu. Rangi ya awali na vibapa vya tumboni vimepotea. Nyuma ya sikio la kushoto msasa haukufika: pamebaki vibapa viwili na rangi ya zamani, nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Hapo pasiguswe.